Sanduku la kufuli tatu tulilochongesha kwa ajili ya kikoba

Kikoba chetu cha Tandika, Dar es Salaam, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kina wanawake 22. Ni majirani na mashoga, tuliofahamiana kabla ya kuchanga hata shilingi. Sanduku letu tulilichongesha kwa fundi wa kuchomelea hapahapa mtaani, shilingi 70,000 bila kufuli. Ni la chuma kinene, si kama yale ya wanafunzi wa bweni ambayo bisibisi tu inayapinda.

Mfuniko una pete tatu na kila pete ina kufuli yake. Funguo tunazishika watu watatu, nami ni mmoja wao. Anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Vikundi vya namna hii vilianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la misaada la CARE, na mimi nawashukuru wanawake wale kwa dhati. Shoga yangu akinijia usiku na shida, anajua siwezi kufungua peke yangu. Haniombi, nami simnyimi, na kesho tunasalimiana vizuri. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukifa kwa sababu pesa za wengi zilikaa kwenye pochi ya mtu mmoja.

Shida kubwa ina njia yake. Mwenzetu alipofiwa na baba mkoani, uliitishwa mkutano wa dharura jioni ileile, tukafungua mbele ya watu, akapewa nauli na ubani kutoka mfuko wa jamii. Ule si mkopo. Kila mmoja huutilia kiasi sawa kila wiki, mwenye hisa tano za akiba na mwenye hisa moja.

Wapo wanaotushauri tuhamie kwenye simu. Kwa wizi, simu ni salama zaidi, hilo nakubali. Lakini kwetu, kabla kufuli haijaguswa, mwenyekiti anauliza mfuko ulibaki na shilingi ngapi wiki iliyopita. Bibi mmoja asiyejua kusoma ndiye hujibu wa kwanza, na hajakosea bado. Kisha pesa zinamwagwa kwenye bakuli, zinahesabiwa kila mtu akiona. Sitaki kuipoteza saa hiyo.

Kasoro zipo. Pete ya katikati ilichomelewa juujuu, ikaanza kucheza, ikabidi fundi mwingine airudie. Rangi imebanduka pembeni na kutu imeingia. Tena sanduku ni fupi: vitabu vya wanachama, mifuko miwili ya pesa, muhuri na kidau cha wino vinaenea, bakuli za kuhesabia zinabaki nje. Nendeni kwa fundi na vifaa vyote mkononi, apime.

Kufuli nunueni wenyewe, za aina tofauti. Zile za bei rahisi funguo zake huweza kuingiliana, kwa hiyo jaribuni kila ufunguo kwenye kila kufuli palepale dukani kabla ya kulipa.