Nepi gani ununue ili bajeti ipumue: nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho

Kama una mtoto mchanga au unamsubiri na unatafuta pa kubana matumizi nyumbani, anzia kwenye nepi. Nguo mtoto atapewa, midoli anaweza kukaa bila, lakini nepi ni kila siku usiku na mchana, mpaka afike miaka miwili au mitatu huko. Mtoto mchanga anabadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku, akikua kidogo inashuka mpaka 6 hivi, na hata ukichukua hiyo 6 peke yake ukazidisha kwa siku 365 unapata 2,190 kwa mwaka mmoja. Sasa hapo ukiokoa kidogo tu kwenye kila kipande, mwisho wa mwaka ni hela ya kueleweka kabisa.

Kabla sijapanga, kuna hesabu mbili za kufanya dukani na zinachukua dakika moja kwenye simu.

Ya kwanza, gawa bei ya pakiti kwa idadi ya vipande vilivyomo. Usiangalie pakiti ni kubwa kiasi gani, usiangalie limeandikwa ofa, angalia kipande kimoja ni shilingi ngapi maana mara nyingi pakiti mbili zinakuwa na bei moja lakini moja ina vipande vichache, na saizi inavyopanda ndivyo idadi ndani ya pakiti inavyopungua huku bei ikibaki palepale. Halafu zidisha bei ya kipande na idadi utakayotumia kwa siku, kwa sababu pampasi inayopungua bei kwa asilimia 10 lakini inavuja mpaka unatumia 8 badala ya 6, imekugharimu asilimia 20 zaidi, na hapo hujahesabu mashuka na nguo za kufua.

Ya pili ni kwa nepi za kufua. Chukua bei ya nepi moja ya kitambaa gawa kwa bei ya pampasi moja, jibu ndio mara ambazo hiyo nepi lazima ivaliwe ndipo irudishe hela yake. Tuseme ni sawa na pampasi 20 na umenunua nepi 20 za kuzungusha. Mtoto akitumia 6 au 7 kwa siku, kila nepi inavaliwa mara moja kila baada ya siku tatu, kwa hiyo ndani ya miezi miwili imejilipa, ukiongeza sabuni, maji na umeme weka mitatu au minne. Baada ya hapo ni faida tupu mpaka mtoto aache nepi, na akija mdogo wake unaanza ukiwa tayari umeshalipa.

Haya, mpangilio wangu.

1. Nepi za mraba za pamba pamoja na kava

Hizi za zamani kabisa, kitambaa cha mraba cha safu moja unachokunja mwenyewe. Nimeziweka namba moja na siyumbi. Bei yake kwa kipande ni ndogo kuliko nepi nyingine yoyote ya kufua, unakunja ndogo kwa kichanga na kubwa kwa mtoto anayetembea kwa hiyo hakuna kununua saizi mpya, na kwa kuwa ukiikunjua ni safu moja tu basi sabuni inapita kila sehemu na inakauka haraka hata siku ya mawingu. Haina lastiki, haina vifungo, unaweza kuichemsha bila wasiwasi. Nepi ambayo haina kitu cha kuharibika ndiyo inayofika kwa mtoto wa pili na wa tatu.

Nunua kama 24 ukiwa na kichanga, hiyo inakuruhusu kufua kila baada ya siku mbili, na kava 5 au 6 za juu zenye utando wa kuzuia maji. Kava usibadilishe kila mara, ikiwa haijachafuka na kinyesi ifute, ipunge hewa, ivalishe tena na nepi nyingine. Watu wengi wananunua kava nyingi kama idadi ya nepi na hapo ndio hela inapopotelea. Na kuhusu kufungia, kama pini zinakuogopesha kuna vibano vya mpira vyenye meno madogo vinavyoshika kitambaa bila kutoboa.

Shida yake ni moja, lazima mtu ajifunze kukunja. Kama mtoto anabaki na bibi au dada wa kazi basi mfundisheni wote mapema, la sivyo mtarudi kwenye pampasi kimyakimya na nepi zitalala kabatini.

2. Nepi za mfuko

Hii ni kava yenye kitambaa laini ndani na mfuko wa kuchomekea pedi ya kunyonya. Inavaliwa kama pampasi kwa hiyo hata baba ambaye hajawahi kubadilisha mtoto anaweza. Nyingi zina vifungo vya kubana mbele vya kupandisha na kushusha saizi, zinauzwa kwamba zinafaa kuanzia kuzaliwa, ila ukweli ni kwamba kwa kichanga mdogo huwa zinapwaya mapajani, subiri afike kilo 4 au 5 hivi.

Angalia pedi ya ndani kuliko rangi na maua ya nje, maana maua hayanyonyi mkojo. Pedi za maikrofaiba, yaani kitambaa cha nyuzi laini za plastiki, zinanyonya haraka na ni za bei nafuu ila ukizikandamiza zinaachia, na usiziweke moja kwa moja kwenye ngozi ya mtoto kwa sababu zinakausha ngozi. Za pamba ziko katikati. Za mianzi na katani laini (hemp, sio mkonge) zinanyonya taratibu lakini zinabeba mkojo mwingi, hizo ndio za usiku. Pedi za pamba au katani zikiwa mpya hazinyonyi vizuri mpaka uzifue mara kadhaa, kwa hiyo usiseme ni mbovu siku ya kwanza.

Vifungo vya kubana vinadumu kuliko velkro, velkro inashika nyuzi kwenye mashine na baada ya muda haigandi tena. Kama unataka kuzitumia kwa watoto wawili chukua vifungo.

Na usinunue 20 kwa mpigo! Nunua 2 au 3 kwanza za aina tofauti, mvalishe, uone kama zinavuja kwenye mapaja ya mtoto wako, maana mtoto mwembamba na mtoto mnene hawakai sawa kwenye nepi moja.

3. Pampasi za kufunga pembeni, zile za kawaida

Kuna nyumba ambazo kufua haiwezekani, maji ya shida, mama anafanya kazi masaa mengi, mtoto anakaa sehemu ambayo hawapokei nepi za kitambaa. Hapo pampasi ndio jibu na hakuna haja ya kujisikia vibaya, ila zinunue kwa akili.

Unene haimaanishi chochote. Tangu miaka ya 1980 pampasi zinawekwa punje za jeli ambazo zinabeba mkojo mara nyingi ya uzito wake, kwa hiyo nyembamba yenye jeli nzuri inaweza kushinda nene yenye jeli kidogo. Jaribu jina la duka lenyewe au jina lisilotangazwa, mara nyingi linafanya kazi ileile, na tangazo pia linalipiwa na wewe mnunuzi. Mstari unaobadilika rangi mtoto akikojoa unasaidia wiki za mwanzo tu, kwa sababu baada ya siku ya tano hivi mtoto anayenyonya vizuri anatakiwa alowanishe nepi kama 6 au zaidi kwa siku na ni jambo la kufuatilia kweli. Akishakuwa mkubwa huo mstari hauna kazi, unashika tu kwa mkono unajua.

Kwenye saizi, kilo zilizoandikwa kwenye pakiti zinaingiliana, mtoto wa kilo 8 anaweza kuwa ndani ya saizi mbili. Ikiwa haimbani kaa kwenye saizi ndogo kwa kuwa kipande ni bei ndogo zaidi. Ila ukiona alama nyekundu kiunoni na mapajani, au kinyesi kinapanda mgongoni, panda saizi mara moja. Vidole viwili vipite kiunoni, hapo ni sawa. Na kwa sababu hiyo stoku kubwa ya saizi ya kichanga ni hela ya kutupa, wengine wanaimaliza saizi hiyo ndani ya wiki chache, wengine wanazaliwa wameshaipita.

4. Nepi za kufua zilizoshonwa pamoja, kava na pedi kitu kimoja

Ni rahisi kuvalisha kuliko zote za kufua na ndio zenye bei kubwa kuliko zote za kufua. Kinachozirudisha nyuma kwangu ni kukauka, ni nene na hazifunguki, siku za mvua inaweza kuchukua siku nzima na zaidi, kwa hiyo unalazimika kununua nyingi zaidi za ghali. Chukua mbili tatu za safari au za kumpa mlezi, basi.

5. Pampasi za kuvuta kama chupi

Kwa kipande huwa ni ghali kuliko za kufunga pembeni na kazi ni ileile. Zina maana mtoto anapokataa kulala chini au anapoanza kujifunza poti, kabla ya hapo unalipia urahisi ambao bado huuhitaji.

6. Za kupimwa zikiwa wazi bila pakiti

Hizi mimi sizishauri hata zikiwa bei ya chini kabisa. Hujui saizi halisi, hujui zimehifadhiwa wapi, nyingine ni zile zilizokataliwa kiwandani gundi haishiki au jeli imerundikana upande mmoja. Ni ngozi ya mtoto hiyo.

Sasa mimi ukiniuliza nyumba ya kawaida ifanye nini, jibu ni kuchanganya. Mchana akiwa nyumbani mraba wa pamba au nepi ya mfuko, usiku na safarini pampasi moja nzuri. Kwa mpango huu mnabaki na pampasi 1 au 2 kwa siku badala ya 6, na hakuna anayechoka akaacha kila kitu.

Sehemu moja usibane kabisa ni muda wa kubadilisha. Kitambaa kila masaa mawili au matatu, pampasi masaa matatu manne mchana, na kinyesi papo hapo. Ukimwacha na mkojo ili kuokoa kipande anaungua, mtoto halali, nyumba nzima hailali, na hela uliyookoa inaishia kwenye dawa ya kupaka.

Ukifua, suuza kwanza na maji baridi maana ya moto yanagandisha madoa, kisha fua na maji ya moto, nyuzi 60 zinatosha, weka sabuni ya kutosha na suuza sana. Dawa ya kulainisha nguo usiweke, inafanya kitambaa kiwe laini lakini kisinyonye. Kava usichemshe, utando unabanduka. Anika juani, jua linatoa madoa bure. Na ukimpaka mafuta mazito au mafuta ya mgando weka kipande chembamba cha kitambaa kati ya ngozi na nepi, la sivyo mafuta yanaziba pedi na inaanza kuvuja bila sababu inayoonekana.

Kuhusu mitumba, mraba wa pamba nunua bila hofu, chemsha utumie. Nepi za mfuko zikague, vuta lastiki ya mapajani uone kama inarudi, inua kava kwenye mwanga uone kama utando una nyufa au umebanduka, funga na kufungua kila kifungo. Lastiki ikilegea fundi cherehani anaibadilisha, lakini utando ukishabanduka iache hapo hapo hata kama wanakupa kwa nusu bei.