Darasa la nne Iringa Boma: uzoefu wa mwalimu kutoka Mafinga

Walimu wenzangu wameniuliza sana kama inalipa kuwatoa watoto Mafinga, kilomita kama themanini, kwenda kuona makumbusho ya Iringa Boma, Iringa mjini. Inalipa. Ila isiwe kwa ule mtindo tuliouzoea.

Mtindo wenyewe mnaujua. Kuna makumbusho fulani, sitaitaja, ambako niliwahi kupeleka darasa. Watoto walipangwa mstari, mikono nyuma, "msiguse, msiegemee kioo", na mwongozaji akawasomea maandishi yale yale yaliyobandikwa ukutani. Kesho yake nikawauliza wameona nini. Walikumbuka soda.

Safari hii nilipiga simu Boma mapema, nikaeleza ninachotaka: watoto waingie kwa makundi madogo, kila kundi na maswali yake, kisha tupewe sehemu ya nje yenye kivuli tufanye kazi ya mikono kwa vifaa tutakavyobeba wenyewe. Sikuomba mtoto ashike mali ya makumbusho. Vya kwenye kioo vibaki kwenye kioo. Walikubali, na mwongozaji wetu alikuwa mtu wa utani. Aliwapokea kwa salamu ya huku, "Kamwene!", na watoto wakamjibu kwa kelele na kucheka.

Tulianza na jengo lenyewe, na hapo nawashauri msipite haraka. Wajerumani walilijenga mwaka 1914 kama hospitali ya jeshi. Waingereza walipochukua nchi wakaligeuza ofisi za utawala, na likaendelea kutumika kiserikali baada ya Uhuru. Makumbusho yamefunguliwa humo mwaka 2016. Badala ya kuwahutubia nikawaambia wapime unene wa ukuta dirishani kwa shubiri, kila mmoja kwa mkono wake. Majibu yakapishana, ugomvi ukazuka, mwenye vidole virefu akaambiwa anadanganya. Katikati ya ugomvi huo binti mmoja akauliza, "Madam, mwaka 1914 si ndiyo vita vilianza? Sasa walijenga hospitali wakijua?" Sikumjibu. Nilimwambia aliandike, maana swali la namna hiyo linatosha kufundishia kipindi kizima cha Historia ya Tanzania na Maadili.

Habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, tulizifanya kwa kamba ya katani. Mita moja ni miaka kumi, fundo kwa kila tukio, na mtoto wa kushika kila fundo. Wa 1891 alisimamia Lugalo, tarehe 17 Agosti, siku Wahehe walipokivamia kikosi cha Wajerumani njiani na kamanda wao Emil von Zelewski akauawa. Wa 1894 alishika kuanguka kwa Kalenga, ngome ya Mkwawa, wa 1898 kifo cha Mkwawa mwenyewe. Hao watatu walibanana ndani ya sentimita sabini, wakakanyagana viatu. Kisha nikamwita wa 1954, mwaka fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, liliporudishwa. Akatembea, akatembea, wenzake wakimwambia simama na mimi nikimwambia bado. Alipofika kwenye fundo lake, zaidi ya mita tano na nusu kutoka kwa wa 1898, aligeuka akauliza, "Mbona walikaa nalo muda wote huo?"

Hapo ndipo nikaingiza Mkataba wa Versailles wa 1919, ambao kifungu chake cha 246 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita. Tukaongeza fundo. Mtoto wa 1919 akasimama peke yake katikati, na darasa zima likaona kwa macho umbali kati ya ahadi na utekelezaji. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyelifuata Bremen na kulirudisha kwa Wahehe Juni 1954. Nimeshafundisha tarehe hizo ubaoni mara nyingi na hazikai. Kwenye kamba zimekaa. Mwalimu wa zamu asubuhi iliyofuata alikuta watoto wanaucheza mchezo huo uwanjani kwa kamba ya kurukia.

Kazi za mikono sasa. Tulibeba jiwe la kusagia na kijiwe chake cha mkononi, ulezi kidogo, kibuyu cha zamani kutoka kwa mzee mmoja jirani wa shule, na mafungu ya milulu mikavu, nyasi za kusukia vikapu. Tukaongozana na mama mmoja msusi wa vikapu. Vikapu hivi mnavijua, ndivyo vinavyouzwa mpaka nje ya nchi kwa jina la Iringa, na milulu yake inatoka kwenye mabonde yetu ya huku. Mama alikaa chini kwenye mkeka, akafunga kitako cha kikapu mbele yao bila kusema neno, kisha akawagawia vitako alivyokwisha kuvianza nyumbani. Kijana mmoja machachari, ambaye darasani hatulii dakika mbili, akasuka mzunguko mzima na kuupeleka kwa mbwembwe. Mama akaingiza kidole kwenye nafasi zilizobaki, akavuta uzi mmoja, mzunguko wote ukafumuka. "Umelegeza. Anza tena, mwanangu." Akaanza tena. Alikuwa bado anasuka wenzake walipoitwa kula.

Kwenye jiwe, watoto walipokezana kupiga magoti na kusaga. Ilichukua muda mrefu sana, na kilichopatikana ni konzi moja ya unga wenye chenga. Wakauliza ugali wa familia ulianza kusagwa saa ngapi. Mama msusi akawaambia bibi yake alikuwa anaamka jogoo wa kwanza. Kibuyu nacho kilipitishwa mkono kwa mkono kikinuswa, na mmoja akatangaza kwamba kinanuka kama kwa babu. Nadhani kilikuwa cha ulanzi, pombe ya mianzi, lakini sikutaka kufungua mada hiyo na darasa la nne.

Isimila, korongo la zana za mawe za kale, tuliipitia asubuhi kabla ya Boma, kwa sababu ipo njiani, kama kilomita ishirini kabla ya kuingia Iringa ukitokea Mbeya. Nashauri mfanye hivyo hivyo, maana jua la mchana kule korongoni si la watoto. Zana za mawe za Isimila hutajwa kuwa na umri wa takriban miaka 260,000, na namba hiyo haimwambii chochote mtoto wa miaka kumi. Lakini mwongozaji alipomwekea mmoja shoka la mkono kiganjani na kumwambia atafute upande wa kushikia, vidole vilijipanga vyenyewe. Nyuso zao zilibadilika. Walipenda pia habari ya kiboko wa kale ambaye mifupa yake ilipatikana hapo, mwenye macho yaliyochomoza juu ya kichwa, na njia nzima walikuwa wanamwigiza kwenye viti vya gari.

Angalizo moja kuhusu Isimila: kagueni mifuko kabla ya kuondoka. Mawe yako chini pale, na mtoto ni mtoto. Kwetu alipatikana mmoja na jiwe mfuko wa kaptura. Tukarudi naye, akalirudisha kwa mwongozaji mwenyewe na kuelezwa kwamba mabaki hayo yanalindwa na sheria tangu 1964. Hakuchapwa wala kusemwa, na nadhani ndiye aliyesikiliza vizuri kuliko wote siku ile.

Kilichotuudhi ni usafiri. Mwenye Coaster tuliyemlipa nusu alitutumia gari jingine, dogo, saa moja na nusu baada ya muda, na watoto wakasafiri wamebanana watatu watatu. Hiyo saa na nusu ilikula muda wetu wa maswali ndani ya Boma, kwa hiyo makundi mawili ya mwisho yalipita vyumbani mbio mbio. Mkataba uandikwe, na namba ya gari iwemo ndani yake. Lipeni theluthi tu mwanzoni, iliyobaki mkirudi.

Kuhusu kiingilio, kuna bei ya wanafunzi, na ni nafuu kuliko ya watu wazima. Ulizeni kwa simu siku mnayoweka nafasi, na mwende na barua ya shule yenye mhuri. Bebeni maji na chakula chenu. Wazazi wetu walichangia viazi vya kuchemsha na mayai, tukamaliza vyote. Watoto wa Mafinga hawahitaji kuambiwa wabebe sweta, ila wa kutoka Mbarali, kwenye joto, waambieni.

Kundi lisizidi watoto kumi na wawili kwa mwalimu mmoja kwenye kazi za mikono, la sivyo wanne wanafanya na wengine wanatazama, na hapo mmerudi kule kule kwenye kioo. Kalenga na Lugalo msizichomeke siku hiyo hiyo. Nimeona shule zinafanya hivyo, watoto wanashuka, wanapiga picha, wanapanda. Sisi Kalenga tumeiombea siku yake muhula ujao, na kamba tunaenda nayo.