Kitafutio cha FamilySearch na karatasi za mirathi za mabwana wa Virginia

Anayefuatilia nasaba ya Wamarekani weusi kwa kurudi nyuma hukwama mara nyingi kwenye sensa ya 1870, ambayo ndiyo ya kwanza ya nchi nzima kuwaandika kwa majina wale waliokuwa watumwa hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 humtaja bwana, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa, na majina yao hayamo ila kwa nadra sana. Zaidi ya hapo tegemeo kubwa ni mirathi: wasia, orodha ya mali ya marehemu yenye bei, hesabu za msimamizi na mgawanyo kwa warithi.

Karatasi hizo kwa kawaida zilifanyiwa faharasa kwa jina la marehemu, kwa hiyo asiyemjua bwana hakuwa na mlango wa kuingilia. Mwaka 2024 FamilySearch, huduma isiyo na ada ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ilifungua kitafutio kinachosoma mwandiko wa mkono kwa akili unde, kikianzia na kumbukumbu za ardhi na mirathi za Marekani. Sasa unaweza kuandika jina moja tu la mtumwa, ukachagua kaunti na miaka, ukaletewa ukurasa ambamo ametajwa baina ya ng'ombe, vitanda na masufuria, na thamani yake kwa pauni na shilingi. Sisi tuliozoea kuona watoto wakigawiwa mirathi tunahitaji muda kidogo kuizoea karatasi ambayo watoto ndio wanaogawiwa.

Kwa maoni yangu kitafutio hiki kina manufaa makubwa, ila humfaa yule anayeifuata mali badala ya ukoo wa bwana. Sheria ya Virginia ya 1662 ilimpa mtoto hali ya mama yake, na ile ya 1705 ikawahesabu watumwa kama mali isiyohamishika, wakarithiwa kwa kanuni za ardhi. Daniel Parke Custis, bwana tajiri wa mashamba wa Virginia, alipofariki mwaka 1757 bila wasia, mjane wake Martha alipata haki ya kutumia theluthi ya mali hiyo maisha yake yote, kisha mwaka 1759 akaolewa na George Washington. Mwaka 1799 Mount Vernon, shamba la Washington, lilikuwa na watumwa 317. Kati yao 153 walikuwa wa mirathi ya Custis, na wasia wa Washington haukuweza kuwapa uhuru. Martha alipofariki mwaka 1802 waligawiwa wajukuu wake wanne. Mtafiti anayeishia kwenye faili la Washington atawapoteza watu hawa wote.

Kasoro zipo. Mashine husoma vibaya wino uliofifia, na herufi s ndefu ya zamani hufanana na f, kiasi kwamba Jesse anaweza kujificha ndani ya Jefse. Yafaa kujaribu tahajia zote mbili. Utalazimika pia kuandika maneno ya dharau ya makarani wa zama zile, kwani ndiyo waliyoyatumia. Baadhi ya picha hufunguka tu katika vituo vya FamilySearch, na kwa kaunti ambazo vitabu vyake viliungua vitani hakuna kitafutio kitakachosaidia.

Ukilipata jina, usiridhike na ukurasa huo mmoja. Pekua mbele hadi kwenye hesabu za msimamizi, ambazo huenda zikaendelea miaka mingi ikiwa warithi walikuwa wadogo: humo ndimo huandikwa nani alikodishwa kwa nani mwaka ule, nani alinunuliwa viatu, na mkunga alilipwa kiasi gani kwa kumzalisha mwanamke yupi.