Semina ya Kwaresima Kuhusu Kafara na Msamaha, Moshi: Tathmini ya Mshiriki

Katika Kwaresima iliyopita nilihudhuria semina ya jioni nne kuhusu msamaha, kafara na wokovu, iliyoandaliwa na usharika mmoja wa Kilutheri hapa Moshi, ambao sitautaja jina kwa kuwa yapo nitakayoyalalamikia. Ada ilikuwa shilingi 5,000, pamoja na kijitabu, chai na maandazi, na kwa kiasi hicho hakuna aliyepunjwa.

Jioni ya kwanza ilichelewa kuanza, spika zilikoroma, na muda mwingi ulitumika kufafanua maneno ambayo mtoto wa kipaimara anayajua.

Jioni ya pili ndiyo iliyonirudisha. Mwinjilisti mstaafu alifundisha Mambo ya Walawi sura ya 16, yaani Siku ya Upatanisho, bila haraka yoyote. Alieleza jinsi Haruni alivyopaswa kwanza kuchinja ng'ombe kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake, kwa sababu kuhani naye ni mkosaji. Kisha mbuzi wawili wakapigiwa kura, mmoja akachinjwa na damu yake ikanyunyizwa kwenye kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano, na wa pili akawekewa mikono kichwani, maovu ya Israeli yakaungamwa juu yake, akapelekwa jangwani akiwa hai. Mama mmoja akauliza: ikiwa damu ni takatifu kiasi hicho, kisusio chetu cha Desemba, ile supu ya mbuzi yenye damu, kinakuwaje? Ukumbi ulicheka, lakini mwinjilisti alifungua sura ya 17, penye maneno kwamba uhai wa mwili umo katika damu, nayo imetolewa kwa ajili ya madhabahu, akaeleza kwamba kilichokuwa kikitolewa pale ni uhai wenyewe. La kisusio aliliahirisha. Kutoka hapo alituvusha hadi Waebrania 10, panaposemwa kuwa damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi, ndiyo maana ibada ile ilirudiwa kila mwaka, ilhali Kristo alijitoa mara moja tu.

Jioni ya tatu mchungaji aliingia na jani la isale, mmea ambao Wachaga huutumia kuombea msamaha, akalifunga fundo, akaliweka mezani bila kusema neno. Wachaga tulielewa: mkosaji akikuletea isale, ukakataa kusamehe, kosa linahamia kwako. Hoja yake ilikuwa kwamba msalabani mambo yamegeuka, kwa kuwa aliyekosewa ndiye aliyebeba isale na kumfuata mkosaji, kama Warumi 5:8 inavyosema kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Sijawahi kusikia mfano wa nyumbani ukifanya kazi vizuri namna hiyo. Hata hivyo, nyumbani kwetu isale halikuja peke yake. Lilikuja na mzee wa kusuluhisha na mazungumzo ya kurekebisha kilichoharibiwa, na upande huo mchungaji aliuruka. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne, na jina lake halikutajwa hata mara moja.

Kijitabu kilifidia kidogo kwa kuukokotoa mfano wa Mathayo 18: dinari ilikuwa ujira wa siku moja, talanta moja ilikaribia dinari 6,000, hivyo mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi alisamehewa ujira wa siku milioni 60, kisha akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia.

Jioni ya mwisho ilizungumzia kuhesabiwa haki kwa imani, yaani kwamba Mungu humkubali mwenye dhambi kwa neema na si kwa matendo yake, pamoja na tamko la pamoja kuhusu fundisho hilo ambalo Walutheri na Wakatoliki walilitia saini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, jambo linalogusa sana Kilimanjaro, ambako mume na mke wanaweza kutoka katika makanisa hayo mawili. Ilikuwa imefika mahali pazuri, ndipo zikagawiwa bahasha za ahadi, na mtangazaji akasema atakayetoa kwa moyo atafunguliwa vifungo vyake. Katika usharika unaojiita wa Luther, aliyeandika hoja 95 mwaka 1517 akipinga biashara ya vyeti vya msamaha, dakika tano baada ya kufundishwa kwamba neema hainunuliwi! Niliirudisha yangu ikiwa tupu.

Anayekusudia kuhudhuria awamu ijayo asikose jioni ya pili na ya tatu, akae mbali na spika, na amkumbushe mwinjilisti yule habari ya kisusio, kwani jibu bado tunamdai.