DJI Agras T40 kwenye mpunga: mashine nzuri, hesabu ndizo zinazoangusha watu

Droni hii ya kunyunyizia mashamba hubeba lita 40 za dawa iliyochanganywa na maji. Ukiipangia lita 20 kwa hekta, tangi moja linamaliza hekta 2, karibu ekari 5, kwa dakika nane hivi: mwendo mita 5 kwa sekunde, kimo mita 3 juu ya mpunga, upana mita 8. Mtengenezaji anataja upana wa mita 11. Usiufuate, pembeni mwa mstari dawa hubaki hafifu, na wiki ya pili shamba linaonyesha michirizi.

Kosa kubwa halimo kwenye mashine, limo kwenye ndoo ya kuchanganyia. Chukua dawa inayoandikwa mililita 100 kwa bomba la mgongoni la lita 20, na hekta hula mabomba 10. Hiyo ni lita 1 kwa hekta. Mtu aliyezoea bomba huona tangi la lita 40, akahesabu mabomba mawili, akatia mililita 200. Lakini tangi hilo linakwenda hekta 2, kwa hiyo lilitaka lita 2! Wadudu wamepata sehemu moja ya kumi, kisha lawama anapewa muuza dawa. Kinachopungua ni maji, si dawa. Soma pia lebo kama inaruhusu maji machache hivyo. Si kila kiuatilifu kinafaa.

Kuchanganya: maji nusu tangi, kisha dawa za unga zilizokwisha kukorogwa pembeni, halafu za maji, za mafuta mwishoni. Unga uliomiminwa mkavu huganda kwenye chujio, pampu ikapunguza mtiririko.

Betri moja ni tangi moja, basi. Ikiwa na tangi lililojaa, uzito wote pamoja na droni yenyewe ni kilo 90, nayo husimama hewani dakika 7 tu; inafikisha zile nane kwa sababu tangi hupungua uzito kadiri inavyonyunyiza. Kwa jenereta yake betri hujaa kwa dakika 9 hadi 12, ila droni ikitua betri huwa moto, nayo huhitaji kupoa kwanza. Nunua betri 3, si 2, na uziweke kivulini.

Inahimili upepo wa mita 6 kwa sekunde, lakini kupaa si kunyunyiza. Upepo ukizidi mita 3 kwa sekunde, acha, hasa kwa dawa ya magugu: matone yanaanzia mikroni 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ni ukungu kabisa, na mboga za jirani ndizo zitakazolipa. Kwa magugu ongeza ukubwa wa matone hadi karibu na mikroni 300.

Mwenye ekari 5 asiinunue, akodi. Inamfaa anayehudumia skimu nzima ya umwagiliaji, kama zile za mpunga za Mbarali (Tanzania) au Mwea (Kenya), mwenye kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na gari la kubeba maji. Jioni suuza tangi mara tatu, ukiwasha pampu kila mara, kisha vua visahani vya kunyunyizia uvifute. Dawa ikikaukia humo, kisahani kimoja huzunguka kwa kuyumba na upande mmoja wa mstari hukosa dawa.