Seramu ya vitamini C niliyonunua Kariakoo: nyota tatu

Nyota tatu kati ya tano. Mbili nilizokata ni za chupa na joto la Dar; vitamini C yenyewe sina ugomvi nayo.

Ni seramu ya mililita 30, asidi askobiki (ndiyo vitamini C yenyewe) asilimia 15, shilingi 35,000 kwenye duka moja la vipodozi Kariakoo. Shida yangu ilikuwa madoa ya chunusi, halafu kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa kwamba inasaidia ngozi kutengeneza kolajeni. Hapo hawajadanganya. Kolajeni ni protini ya nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba. Ili msokoto usifumuke, vimeng'enya vya mwili hufanyia marekebisho baadhi ya asidi amino zake (vijenzi vya protini), yaani prolini na laisini. Vimeng'enya hivyo vinategemea madini ya chuma, na vitamini C ndiyo inayokirudisha chuma hicho kwenye hali ya kufanya kazi. Ikikosekana, nyuzi hazishikani sawasawa kwenye joto la mwili. Ndiyo habari ya kiseyeye: fizi zinavuja damu, na mabaharia wa zamani waliokaa miezi bila matunda walipata hata makovu yaliyokwisha kupona yakiachia upya.

Usoni inachonyota kidogo mara ya kwanza kwa sababu ina tindikali, kisha inatulia. Ina kaharufu ka chuma. Madoa mepesi ya mashavuni yamefifia, ya kidevuni yako palepale. Sijawa mweupe, na sikutaka. Hii si mkorogo. Kuhusu makunyanzi siwezi kuwaambia kitu, sina ya kupimia.

Tatizo ni chupa. Kioo chake kinapitisha mwanga, na kila ukifungua kuchukua tone hewa inaingia. Asidi askobiki haivumilii mwanga, hewa wala joto, sasa fikiria chumba cha Tabata mwezi wa pili, umeme umekatika na feni imesimama. Ilikuja na umanjano wa mbali sana. Haijafika hata nusu imegeuka kahawia, mpaka foronya yangu nyeupe ina alama pale shavu linapolala.

Nikaipeleka dukani. "Dada, hiyo inaiva tu, ndiyo inapata nguvu," muuzaji akaniambia, bila hata kucheka. Haiivi, kaka. Ikishakuwa kahawia, vitamini kubwa imeshaharibika. Pesa hakurudisha, badala yake akanitolea kopo la unga wa kolajeni, eti huo unaenda kwenye ngozi moja kwa moja. Hauendi. Tumbo linaumeng'enya kuwa vipande vidogo na asidi amino, na mwili wenyewe ndio unaoamua wapi pa kuvipeleka. Kwa hesabu hiyo supu ya makongoro nayo ni kolajeni, tena inakuja na ndimu.

Na kwa ngozi nzima, vitamini C inafika kwa njia ya damu, yaani kwa chakula. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza. Mwanamke mzima anahitaji kama miligramu 75 kwa siku: pera moja la wastani linavuka hapo, na chungwa la Muheza linakaribia. Mboga ukizichemsha sana na kumwaga maji, nyingi imeondoka na maji hayo.

Nitanunua tena seramu ya vitamini C? Ndiyo, ila chupa hii hapana. Nataka ya kioo cheusi au ya pampu isiyoingiza hewa, iwe ndogo, na nitamwomba muuzaji nitoke nayo nje niitazame rangi kabla sijalipa. Ikifika nyumbani inakaa kwenye friji. Napaka asubuhi, juu yake losheni ya kuzuia jua, maana jua lenyewe linavunja kolajeni na kuyakoleza madoa ninayohangaika nayo.