Maca ipi ununue: uliza mwinuko kwanza, rangi baadaye

Wengi wakitaka maca, ule mmea wa kiazi kinachokaushwa na kusagwa unga, wanauliza rangi, eti nyeusi ndo kali, mi nakwambia uliza kwanza imelimwa wapi na imekaushwaje. Kwao hasa ni Peru, nyanda za Junín kando ya ziwa Chinchaycocha, mita 4,000 na zaidi juu ya bahari, yaani umeshapita kambi ya Horombo pale Kilimanjaro. Mchana jua linachoma, usiku barafu, na huu mmea ni ndugu wa kabichi na figili kwa hiyo unajilinda na glukosinolati, ule ukali unaopanda puani. Kiasi chake kinabadilika kwa shamba, rangi na hata ukubwa wa kiazi.

Ila makamaidi, zile kemikali za maca ambazo ndo watu wanazilipia, kwenye kiazi kibichi karibu hamna. Wakulima wanavianika nje wiki kadhaa, usiku vinaganda mchana vinayeyuka, vinapasuka kwa ndani taratibu na hapo ndo zinajitengeneza. Huko chini kusiko na baridi hiyo, ukakausha harakaharaka kwa mashine, unapata kitu kingine hata kama mbegu ni ileile.

Namba moja kwangu ni unga uliopikwa, wenyewe wanauita jelatinaizdi (hauna jelatini yoyote), lebo ikitaja Junín na mita. Tumbo linaupokea vizuri, na hata Peru kwenyewe maca wanaila imepikwa.

Namba mbili kiazi kikavu kizima. Kigumu kama kokoto, unaloweka usiku kucha unachemsha mpaka kilainike, kazi ipo lakini unaona rangi kwa macho yako, hakuna wa kukuchanganyia unga wa ngano.

Tatu unga mbichi, bei nafuu ila unajaza gesi. Nne ile ya Yunnan, China, nako ni milimani, inunue kama muuzaji anakwambia mwinuko na ilivyokaushwa. Mwisho kabisa kapsuli za "nguvu za kiume" zenye mchanganyiko wa vitu kumi, niliwahi kununua duka moja mtandaoni, nikafungua kimoja kwenye uji, harufu hamna kabisa, wakati maca nzuri inakupiga na figili halafu nyuma yake kuna utamu wa kimea.

Na kama una goita au una mimba, jamani, daktari kwanza, hizo glukosinolati zinaigusa tezi ya shingo.